Ngozi imekataa krimu: soma dalili, mtafute mhusika

Malalamiko kuhusu krimu na losheni hufanana. Ngozi inawasha, kope zimevimba, shingo imeota vipele, na mwenye tatizo ameshapaka vitu vingine vitatu juu yake ili itulie. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, maana kila kinachoongezwa kinageuka mshukiwa mpya. Kwa hiyo kanuni inayotawala mwongozo huu wote ni moja: punguza kwanza, usiongeze.

Tafuta dalili iliyo karibu na yako. Sababu zimeanzia ile inayotokea zaidi, na hatua rahisi zimetangulia zile nzito. Usiruke hatua kwa kuwa tu inaonekana ndogo.

Kabla ya yote: dalili za kukimbilia hospitali

Nenda hospitali sasa hivi, usisubiri kukuche, ikiwa:

- midomo, ulimi au koo vinavimba, pumzi inabana, au unasikia kizunguzungu cha kutaka kuanguka;
- ngozi inachubuka vipande vipande, au kuna vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri. Ukiwa umemeza dawa mpya wiki chache zilizopita, ibebe uende nayo. Hilo huenda halihusu krimu kabisa, na ni hatari kuliko krimu;
- kuna homa pamoja na usaha, au maumivu yanayozidi muwasho;
- mwenye pumu ya ngozi (eczema) ameota ghafla vidonda vidogo vya duara, vingi na vyenye maumivu;
- mgonjwa ni mtoto mchanga na ana malengelenge.

Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu

Maelezo mengi ya mzio yanasema ngozi itakuwa nyekundu. Kwenye ngozi yetu mara nyingi haiwi nyekundu. Inakuwa zambarau, kijivu, au nyeusi kuliko sehemu ya jirani, na wengi husubiri wekundu usiokuja huku tatizo likisambaa. Tumia mkono: pitisha mgongo wa kiganja juu ya sehemu inayowasha, kisha upande wa pili usio na shida. Joto, uvimbe na mkwaruzo husikika kabla ya kuonekana. Linganisha kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa ya bafuni.

Jambo la pili ni alama. Mzio ukipoa, ngozi nyeusi huacha baka jeusi linaloweza kukaa miezi kadhaa. Baka hilo si ugonjwa unaoendelea, ni rangi iliyobaki. Linaondoka lenyewe polepole ukilikinga na jua na usilisugue. Watu wengi huanza safari ya krimu za kuondoa madoa hapa hapa, na ngozi inaingia kwenye shida kubwa kuliko ile ya kwanza.

"Inachoma mara tu ninapoipaka"

Mara nyingi huu si mzio. Ni ngozi iliyokwisha kuchubuka inayokutana na kitu kikali.

Sababu ya kwanza ni tando la juu la ngozi kuharibika: dodoki gumu, jiwe, wembe, sabuni ya kufulia inayotumika kuogea, maji ya moto sana. Paka krimu ileile mkononi, kwenye ngozi nzima. Ikiwa haichomi hapo, krimu huenda haina kosa. Acha kusugua, oga kwa maji ya uvuguvugu, tumia sabuni kidogo na kwenye sehemu zinazohitaji tu, na upake mafuta ya mgando yasiyo na harufu ngozi ikiwa bado na unyevu. Wiki moja au mbili zinatosha kuona tofauti.

Sababu ya pili ni viambato vyenye ukali wake: yurea, asidi ya laktiki, asidi ya salisiliki, retinoli, pombe. Vinasaidia ngozi ngumu ya kisigino, lakini vinachoma uso uliochubuka. Kuna na sodium lauryl sulfate, kiambato cha kutoa povu kilichokuwa pia ndani ya baadhi ya krimu za maji zilizopewa wagonjwa wa pumu ya ngozi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kuhusu krimu hizo, kwa sababu zikiachwa juu ya ngozi zilikuwa zikiwachoma wagonjwa, hasa watoto.

Iliyo nadra ni hii: ndani ya dakika chache panatokea vivimbe kama vya kuumwa na mbu, vinawasha, kisha vinapotea siku hiyohiyo. Mdalasini na baadhi ya vihifadhi hufanya hivyo. Vikibaki palepale ulipopaka, osha na uache kutumia. Vikitokea mahali usipopaka, rudi kwenye orodha ya dharura hapo juu.

"Nilipaka juzi, leo ndiyo inawasha"

Huu ndio mzio wenyewe, na hapa ndipo watu wanapomkamata asiye na hatia.

Ngozi haizaliwi na mzio wa krimu. Inajifunza. Mara ya kwanza kinga ya mwili inapokutana na kemikali, inachukua siku 10 hadi 14 au zaidi kuitia alama ya adui, na kwa wengine hali hiyo huja baada ya miaka. Baada ya hapo, kila mkutano mpya huleta muwasho ndani ya siku 1 hadi 3. Kwa hiyo mambo mawili ni ya kweli kwa pamoja: kilichokudhuru Jumatano huenda ulikipaka Jumatatu, na losheni uliyoitumia miaka mitano inaweza kukugeuka leo. Kusema "hii naitumia siku zote" hakuitoi kwenye orodha ya washukiwa.

Washukiwa, kwa mpangilio:

*Manukato.* Haya yako mbele ya wengine wote. Kwenye chupa yanaandikwa "parfum" au "fragrance", neno moja linaloweza kuficha makumi ya kemikali. Umoja wa Ulaya ulianza kwa kulazimisha vinukizi 26 vitajwe kwa jina, na mwaka 2023 ukaikuza orodha hiyo kupita 80. Ndiyo maana bidhaa zinazotoka huko zina majina kama linalool, limonene, citral, geraniol na eugenol mwishoni mwa orodha. Usidanganywe na pua. Bidhaa isiyonukia inaweza kuwa na kinukizi kilichowekwa kuficha harufu ya viambato vingine. Soma orodha, usinuse.

*Vihifadhi.* Krimu yoyote yenye maji inahitaji kitu cha kuzuia ukungu na bakteria. Kinachojulikana sana kwa mzio ni methylisothiazolinone. Chama cha madaktari wa mzio wa ngozi cha Marekani kilikitangaza kuwa kizio, yaani kitu kinacholeta mzio, cha mwaka 2013, na Ulaya ikakipiga marufuku kwenye bidhaa zinazoachwa juu ya ngozi kuanzia 2017. Bado kinaweza kuwemo kwenye shampuu, sabuni za maji na baadhi ya tishu za maji za watoto zinazouzwa kwingineko. Wengine ni wale wanaoachia formaldehaidi polepole: DMDM hydantoin, quaternium-15, imidazolidinyl urea, diazolidinyl urea. Paraben, zinazosemwa vibaya kila mahali, ni nadra kuleta mzio wa ngozi. Ukizikimbia ukaangukia methylisothiazolinone, kwa upande wa mzio umepata hasara.

*Lanolini*, mafuta ya sufu ya kondoo. Yamo kwenye krimu za midomo, za chuchu za mama anayenyonyesha, na nyingi za ngozi kavu. Wenye pumu ya ngozi ndio wanaoathirika zaidi.

*Vitu vya asili.* Nalitaja hili kwa msisitizo, kwa sababu neno "asilia" linawapa watu imani isiyostahili. Eugenol iliyo kwenye orodha ya vizio vya Ulaya ndiyo harufu ya karafuu. Citral ndiyo harufu ya mchaichai. Mafuta ya mti wa chai na gundi ya nyuki ni vizio vinavyofahamika. Mchanganyiko wa nyumbani wa karafuu na mdalasini kwenye mafuta ya nazi ni manukato makali yasiyo na kipimo. Liwa na manjano vimewalea mabibi harusi wa pwani vizazi na vizazi, na wengi hawadhuriki. Lakini ngozi yako ikikataa, heshima ya mila haitaituliza.

*Propylene glycol* na viambato vingine vya kulainisha vinafuata kwa mbali.

Cha kufanya: acha kila kinachogusa sehemu hiyo, vyote kwa siku moja. Losheni, mafuta, kiondoa harufu, poda, sabuni ya manukato. Osha kwa maji ya baridi. Baki na mafuta ya mgando ambayo orodha yake ina neno moja tu, "petrolatum". Ya rangi na yenye harufu yamejaa madukani, hayo yaache. Muwasho ukizidi, muulize mfamasia kuhusu krimu ya haidrokotizoni asilimia 1 kwa siku chache, lakini si kwenye ngozi yenye usaha, na si kwa mtoto mchanga bila daktari. Vidonge vya mzio vinasaidia sana kwenye vile vivimbe vya ghafla, kwenye mzio huu wa polepole vinasaidia kidogo tu. Usipake dawa ya meno, spiriti, ndimu wala dawa za kuulia vijidudu.

Kisha subiri. Mzio huu unaweza kuchukua wiki 2 hadi 4 kuisha hata baada ya kumwondoa mhusika, na watu hukata tamaa siku ya nne wakarudia krimu zao wakidhani hazikuwa na kosa. Foronya, taulo na kola za nguo zifuliwe, maana mabaki ya losheni hukaa humo.

"Kope zimevimba, na usoni sijapaka kitu kipya"

Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko karibu yote mwilini, hivyo inalalamika hata pale kosa liko kwingine. Anza kwenye kucha: rangi ya kucha na jeli huenda zisidhuru kidole, ila kila unapojigusa jicho unazipeleka kwenye kope. Kama ulitengeneza kucha siku chache kabla ya uvimbe, umepata mshukiwa mkuu. Fuata kichwani: shampuu na dawa ya nywele hutiririka zikapita kando ya uso, masikio na shingo, na vipele hufuata njia hiyo ya maji. Baada ya hapo mwangalie unayelala naye. Manukato yake na mafuta yake ya ndevu yanaingia kwenye mto na kwenye shavu lako, na mke anaweza kuhangaika miezi kwa marashi ya mumewe. Mwisho ni vya hewani: dawa za kupuliza, rangi mbichi ya ukuta.

Jicho lenyewe likiuma, likiona ukungu au likifunga kabisa, usijaribu chochote nyumbani. Muone daktari siku hiyohiyo.

"Vipele vingi vidogo, haviwashi sana"

Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa hii kwa kawaida ni harara, njia za jasho zilizoziba, na mafuta mazito huzidisha. Punguza mafuta, vaa nguo nyepesi, oga baada ya jasho. Vikiwa usoni vikiwa na vichwa vyeusi au vyeupe, huenda ni chunusi zilizoletwa na mafuta kama ya nazi au siagi ya kakao. Vipele vya saizi moja kifuani na mgongoni, vinavyowasha kidogo, huweza kuwa fangasi wa vinyweleo, navyo vinahitaji dawa ya fangasi.

Ikiwa muwasho unazidi usiku, uko kati ya vidole na kiunoni, na watu wengine nyumbani wanajikuna, huo ni upele wa kuambukiza (scabies). Nyumba nzima itibiwe kwa pamoja.

"Inatokea nikitoka juani"

Uso, kifua cha juu na mgongo wa mkono vimeathirika, lakini chini ya kidevu na nyuma ya masikio pako safi? Jua linahusika. Uliza kwanza kuhusu ndimu: maji ya ndimu au limau kwenye ngozi kisha jua huunguza ngozi ya mtu yeyote, mwenye mzio au asiye nao, na huacha michirizi myeusi. Kinachofuata ni manukato shingoni. Vikinga jua vyenye oxybenzone au octocrylene vinaweza kuleta mzio vikikutana na mwanga. Badilisha utumie chenye zinc oxide au titanium dioxide pekee. Usiache kinga ya jua moja kwa moja, hasa mwenye ualbino, ambaye kwake jua ni hatari kubwa kuliko krimu.

"Malengelenge yenye umbo"

Umbo linasema. Malengelenge yaliyofuata ua la piko ni mzio wa PPD, rangi ya nywele inayochanganywa ili hina iwe nyeusi. Hina halisi hutoa rangi ya kahawia au ya chungwa na huhitaji saa nyingi; nyeusi tititi inayoshika upesi si hina peke yake. Mzio huu kwa kawaida hudumu maisha, na hatari yake inakuja baadaye: siku utakapopaka rangi nyeusi ya nywele, kichwa na uso vinaweza kuvimba vibaya. Ukiwahi kuungua na piko, usipake tena rangi yoyote yenye "p-phenylenediamine". Mwambie na daktari wa meno kabla hajapaka ganzi, kwa kuwa baadhi ya dawa za ganzi za kupaka zinafanana nayo.

Mchirizi unaowaka ulioamka nao asubuhi msimu wa mvua, shingoni au karibu na jicho, mara nyingi ni sumu ya Nairobi fly, yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi aliyepondwa usingizini. Osha kwa sabuni na maji mengi. Na malengelenge yenye maumivu upande mmoja tu wa mwili, kama ukanda, ni mkanda wa jeshi: wahi hospitali ndani ya siku 3, maana dawa yake hufanya kazi vizuri ikianza mapema.

"Nikiacha inawaka, nikiirudia inatulia"

Sehemu hii naomba isomwe polepole. Krimu inayomfanya mtu ashindwe kuiacha mara nyingi ina steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Krimu za kung'arisha na mkorogo unaopimwa kwa kijiko sokoni zimekutwa mara nyingi na clobetasol, moja ya steroidi kali kabisa za kupaka, hata pale ambapo kopo halisemi. Mwanzoni ngozi inalainika na kung'aa. Baadaye inakonda, mishipa inaonekana, vinatokea vipele, nywele za uso, michirizi. Ukiiacha, uso unawaka moto. Mtu anadhani ana mzio wa kila krimu nyingine, kumbe ngozi inadai steroidi.

Ukiwa umeipaka sehemu kubwa ya mwili kwa miezi, usiiache ghafla peke yako. Steroidi hupenya mwilini na kuzilaza tezi zinazotengeneza homoni yake ya asili, na kuikatisha ghafla kunaweza kuleta udhaifu mkubwa. Muone daktari, mwambie ukweli wote. Hakuna cha kuona aibu, yeye anahitaji jina na muda tu.

Zebaki nayo bado imo sokoni, ingawa Mkataba wa Minamata ulipiga marufuku kuanzia 2020 vipodozi vyenye zaidi ya sehemu 1 ya zebaki kwa milioni. Angalia maneno "calomel", "mercurous chloride" au "mercuric iodide". Onyo la kutogusisha krimu na dhahabu, fedha au vito ni ishara mbaya. Zebaki inaharibu figo, na inawafikia watoto kupitia mikono na taulo. Mkojo wenye povu, miguu kuvimba au mikono kutetemeka: hospitali, na kopo lako mkononi.

Haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, ina mkasa wake. Ikitumika muda mrefu inaweza kuleta weusi wa bluu mashavuni. Mtu anaongeza krimu ili autoe, na weusi unazidi. Acha, na umuone daktari wa ngozi. Tanzania TBS na Kenya KEBS ndio wenye dhamana ya ubora wa vipodozi. Kopo lisilo na orodha ya viambato wala anwani ya mtengenezaji lisiingie nyumbani kwako.

"Dawa ya ngozi ndiyo inayozidisha"

Tyubu za mchanganyiko zenye steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki zinauzwa kirahisi mno. Kwenye choa, steroidi hutuliza muwasho huku fangasi wakitambaa, na umbo la duara linapotea hata daktari anapata shida kulitambua. Neomaisini, antibayotiki iliyomo kwenye baadhi ya tyubu hizo, yenyewe ni kizio cha kawaida. Kidonda au kipele kisichopona ndani ya wiki mbili za dawa kisiongezewe tyubu nyingine. Kichunguzwe.

Kurudisha kimoja kimoja

Ngozi ikishatulia kabisa, chukua bidhaa moja. Paka kidogo upande wa ndani wa mkono karibu na kiwiko, palepale, mara 2 kwa siku kwa siku 7, na ikiwa bado una shaka endelea hadi 14. Pakiwasha au pakivimba, simama, umeipata. Pakibaki salama, irudishe usoni, kisha uanze nyingine. Jaribio hili ni la vitu vinavyoachwa juu ya ngozi tu. Sabuni, shampuu na rangi za nywele zikiachwa hivyo zinaweza kumchoma hata mtu asiye na mzio. Na kama uliwahi kuvimba midomo au kubanwa na pumzi, usilifanye kabisa.

Wakati wa kumuona daktari wa ngozi

Nenda ikiwa wiki 4 zimepita bila nafuu, ikiwa inarudi kila mara bila kujulikana chanzo, au ikiwa kazi yako inahusika, kama msusi na mpaka rangi za kucha. Kipimo kinachofaa ni cha kubandika: vibandiko vyenye kemikali mbalimbali hukaa mgongoni saa 48, kisha mgongo husomwa, na kusomwa tena siku ya 3 au ya 4. Vipimo vya damu na vya kuchoma ngozi kwa sindano havigundui mzio huu wa polepole, usitoe fedha zako huko kwa ajili ya krimu. Mjini Moshi, Tanzania, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, na wataalamu waliosomea hapo wanafanya kazi katika nchi nyingi za Afrika. Uliza hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe kama yupo mmoja.

Siku hiyo beba makopo yenyewe, si majina uliyoyakumbuka, pamoja na sabuni, marashi ya mwenzako na mkorogo kama upo. Beba picha ulizopiga mchana siku ngozi ilipokuwa mbaya zaidi, kwa sababu mara nyingi siku ya miadi huwa imetulia. Na usipake steroidi mgongoni siku za kabla ya kipimo, kwani inaweza kuuficha mzio unaotafutwa.